Anayejua Njia ya Nungunungu

Msoma nyayo hutazama kwanza jua lilipo. Asubuhi, kabla mwanga haujapanda juu ya ua wa minyaa, mzee mmoja wa kitongoji chetu hapa Kharumwa huzunguka taratibu mpaka unyayo uwe kati yake na jua, ndipo anapochuchumaa. Ukisimama upande wa pili huoni kitu isipokuwa udongo, majani makavu na vinyesi vya mbuzi. Njoo upande wake, shusha kichwa kama alivyoshusha yeye: kivuli chembamba kinaingia katika kila kishimo cha kidole, na njia nzima inajitokeza, mnyama alikotoka, aliposita, alipogeuka kusikiliza. Ikifika saa nne jua limepanda na njia ileile haionekani tena. Ufundi huu ni wa waamkao mapema, na vijana wetu wengi saa hizo bado wamo ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, au ndiyo kwanza wanatoka, macho mekundu, wakitafuta chai.

Simtaji jina kwa kuwa hapendi kutangazwa. Baba yake alikuwa mmoja wa banungule, wale wawindaji wa nungunungu wa Usukuma waliokuwa na chama chao, dawa zao, ngoma yao na nyimbo zao. Waliowinda tembo waliitwa bayege. Washika nyoka, bayeye, bado tunawaona wakicheza na chatu kwenye sherehe. Frank Gunderson, Mmarekani aliyekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzitoa kitabuni mwaka 2010, hakuwasahau wawindaji hawa, nami namshukuru. Lakini wimbo ndio sehemu ya ufundi inayosikika. Ile ya macho, magoti na ncha za vidole haiingii katika kinasa sauti. Mzee anasimulia jinsi baba yake alivyoingia shimoni kwa tumbo, mkuki mfupi mkononi, akiwa ameshajua kwa kusoma mlangoni kama mwenyewe yumo, kama ni mmoja au ni familia, na kama shimo lina mlango wa pili. Aliyeingia bila kusoma alitoka na miiba usoni.

Nilianza kumfuata mzee huyu kwa makini baada ya mpwa wangu kuja na kamera ya mtego aliyoinunua Mwanza. Ni kiboksi cha plastiki chenye rangi za majani, kinachofungwa kwa mkanda kwenye mti, cha bei isiyozidi mbuzi wawili wa mnadani. Ndani yake mna kihisi kinachotambua joto linalosogea. Mnyama akipita, kamera inaamka na kupiga picha, na usiku inawasha taa ndogo za mwanga ambao jicho la mtu halioni, au linaona wekundu hafifu tu. Mpwa alitaka kujua kama kitu cha bei hiyo kinaweza kutuonyesha wanyama waliobaki kwetu. Nililipenda swali lake. Siku hizi kijana anayejiuliza ni mnyama gani anapita nyuma ya nyumba yao usiku anastahili kushukuriwa.

Aliifunga kando ya lambo, kwa hoja kwamba kila kiumbe hunywa maji. Memori kadi ilirudi imejaa ng'ombe, mbuzi, punda wa wachota maji, nyuso za watoto waliosogea kuchungulia, na mamia ya picha za nyasi. Nyasi zilizopigwa na jua zikitikiswa na upepo mbele ya kihisi, kamera hudhani ni mnyama. Mchana wa jua kali ilikuwa kinyume chake. Udongo ukishapata joto linalokaribia la mwili, ng'ombe mzima hupita na kamera isiamke, kwa sababu inachopima ni tofauti ya joto kati ya mnyama na kilicho nyuma yake. Tulijua ng'ombe alipita kwa kuwa kwato zake zilikuwa pale, mbele ya lenzi. Betri za dukani zilikwisha upesi, maana zile taa za usiku zinakula umeme. Nazo megapikseli nyingi zilizotangazwa kwenye boksi ni za programu inayotanua picha. Jicho lenyewe la kamera ni dogo, na sungura aliyekaa mbali kidogo akawa doa la kijivu lisilo na masikio.

Asitokee mtu wa kumcheka kijana. Kule Serengeti, mradi uitwao Snapshot Serengeti ulitandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 kuanzia mwaka 2010. Hadi 2013 zilikuwa zimetoa mafungu ya picha milioni 1.2, na watu zaidi ya 28,000 wa pande zote za dunia walijitolea kuyapembua kwenye kompyuta zao. Mafungu yaliyokuwa na wanyama ni 322,653. Karibu robo tatu ya kazi ile yote ilikuwa kutazama picha zisizo na mnyama hata mmoja. Kamera ya bei yoyote itapiga picha upepo kama hakuna wa kuiambia isimame wapi na itazame wapi, na jambo hilo halimo katika karatasi ya maelekezo inayokuja na boksi.

Jioni moja mpwa alimwendea mzee.

"Shikamoo, guku."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lete nione."

Aliigeuza mikononi, akaibonyeza hapa na pale, kisha akauliza swali moja tu: kitu hiki kikishtuka, kinachukua muda gani kufumbua jicho? Mpwa akamwambia ni sekunde moja, pengine na zaidi. Mzee akanyamaza. Nilimwona akihesabu hatua kwa vidole vya mkono wa kushoto, taratibu, kwa mwendo wa mnyama aliyemfikiria.

"Basi usikiweke ubavuni mwa njia," akasema. "Mnyama atakuwa ameshapita, utapata mkia. Aje akikielekea."

Akatuongoza mpaka ukingo wa ngitili ya ukoo wao, yaani malisho yao ya akiba, pale inapopakana na shamba la muhogo. Kati ya vichuguu viwili vilivyomea nyasi njia inabanwa, na mbele yake, chini ya ua wa minyaa, pana tundu ambalo udongo wake umelainika kwa kupitwa mara kwa mara. Mwiba mmoja mfupi, mweupe na mweusi, ulikuwa umenasa kwenye shina. Kamera ikafungwa usawa wa goti kwenye kigogo kinachotazama kaskazini, ili jua la asubuhi wala la jioni lisiingie kwenye lenzi. Nyasi za mbele zikang'olewa mpaka mizizi. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo ambayo mzee aliisoma mahali. Alikuwa anafikiri kama nungunungu, basi, na kwa kuwa nungunungu hutembea chini, gizani, kwa pua, kamera nayo ikabidi ishuke chini.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Alivunja tawi lenye majani laini akafagia njia kwa upana wa mkono mmoja, mbele kidogo ya tundu. Aliokota vijiti na vijiwe kimoja kimoja na kuviweka kando, si kuvitupa, kwa sababu kijiwe kilichotupwa humwambia mnyama kwamba mtu alikuwapo. Akatoa mfukoni mchanga wa mtoni uliokwisha kuchekechwa. Alikuja nao, maana yake alipotoka nyumbani alikuwa ameshaamua kufagia njia. Akaunyunyiza kwa kuupitisha kati ya vidole mpaka udongo ukavaa vumbi jepesi lisilokuwa na alama yoyote. Halafu, pembeni kabisa, akabonyeza dole gumba lake mara moja, kwa uzito wa kadiri, akainuka.

Nilidhani ametia alama ya mwenyewe, kama mtu anavyopiga muhuri. Sivyo. Dole gumba lile ni saa yake. Yeye anajua lilibonyezwa wakati gani, jua likizama. Usiku kucha litazeeka: kingo zake zitakauka na kumomonyoka, upepo utaingiza vumbi ndani, umande utalilowesha na kuligandisha, wadudu watalivuka. Asubuhi, unyayo wa mnyama utakaolala kando yake utalinganishwa nalo. Na kwa kuwa wazee huamka usiku, alirudi pale kwa kunyemelea, jogoo wa kwanza alipowika, akabonyeza dole la pili, akaondoka kwa kupita juu ya mawe. Kwa hiyo asubuhi alikuwa na alama mbili za wakati unaojulikana, na kila kilichopita kilibidi kijieleze mbele ya hizo mbili.

Nimefikiria sana kuhusu dole gumba lile. Limekaa pale bila betri, bila kadi, halikununuliwa Mwanza wala kuagizwa ng'ambo, na hakuna aliyelivumbua ambaye tunalijua jina lake. Ni maarifa ya kupima yaliyotungwa na watu waliokuwa na udongo, usiku na miili yao tu. Mtoto akifundishwa jambo hilo darasani atakuwa amefundishwa sayansi: weka kitu unachokijua kando ya kitu usichokijua, uvipe hali moja, kisha linganisha. Lakini mtaala haulijui dole la mzee wa Kharumwa, na mzee hajui kama anachofanya kinaweza kuitwa somo. Tumeacha pengo hilo likae wazi miaka yote hii huku tukilalamika kwamba watoto hawapendi sayansi.

Kulipokucha mzee alichuchumaa mahali pake, jua mbele yake. Kwanza alionyesha kwa kijiti alama ndogo za mende na wadudu wengine wa usiku zilizokatiza mchanga. Baadhi ya alama hizo zilikuwa zimekanyagwa, nyingine zilipita juu ya unyayo. Kwa hiyo mnyama hakupita mwanzo wa usiku wala mwisho wake. Umande ulikuwa umeshaanza kushuka, kwani mchanga ulikuwa umeshikana ndani ya unyayo na haukuporomoka kingoni. Dole la jioni lilikuwa limezeeka kuliko unyayo. La jogoo wa kwanza lilikuwa changa kuliko unyayo, ila si kwa mbali. "Muda mfupi kabla sijaja," akasema. Na zaidi: walikuwa wawili. Wa mbele mzito, kisigino kimezama, miiba imechora mikwaruzo pande zote mbili. Wa nyuma mwepesi, ameweka mguu juu ya nyayo za mwenzake, na mguu wake wa nyuma wa kulia unavuta vidole. "Aliumia. Pengine mtego wa waya."

Tukafungua kamera. Picha moja: nungunungu ana kwa ana, miiba imelala, jicho linang'aa, pua karibu inagusa lenzi. Saa iliyoandikwa pembeni ni saa tisa kasoro dakika kumi na mbili usiku, na majirani wanaofuga jogoo yule watakwambia huwika karibu na saa tisa. Wa pili hayupo. Kamera za bei hii zikishapiga picha hukawia kujiandaa tena, na katika kukawia huko yule mwenye mguu mbaya alipita na kuondoka. Kama tungekuwa na kamera peke yake, kwenye daftari la mpwa kungeandikwa: nungunungu, mmoja, mzima.

Ningemaliza hapo kama ningetaka kuidharau kamera, lakini haki lazima itendeke. Baada ya muda ilileta picha ya muhanga. Mzee amemjua muhanga maisha yake yote. Anajua mashimo yake, anajua alama ya kucha zake na mstari wa mkia unaoburuzwa katikati, anajua nungunungu na ngiri hurithi makao anayoyachimba. Lakini muhanga hutoka usiku wa manane na hukaa mbali na watu. Kumwona akitembea, mwili mzima, masikio yale marefu yamesimama, mzee hakuwahi. Aliishika simu ya mpwa kwa mikono miwili. Akaomba aonyeshwe tena. Kisha akaomba picha ile ikuzwe miguuni, akalinganisha vidole na vile alivyovisoma kwa miaka mingi udongoni, akatikisa kichwa polepole kwa furaha ya mtu aliyekutanishwa na mwandishi wa barua alizozipokea maisha yake yote. Kamera ilimpa kitu ambacho udongo haukuwahi kumpa. Ndiyo maana siwezi kuuita ugomvi kati ya chombo na mtu. Kilichoniuma ni kwamba mtu na chombo walikutana wakati mtu ameshazeeka.

Zamani ufundi huu wa kusoma nyayo ulikuwa sheria. Wezi wa ng'ombe walipozidi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walizaliwa huku kwetu, Kahama na Shinyanga. Mwano, yowe la hatari, ukipigwa usiku wanaume walitoka na pinde, lakini mbele yao alitangulia msoma nyayo, na ole wake aliyemkanyagia njia. Mzee alikuwa mmoja wa waliotangulia. Anasema kwato zilipoingia kijijini, wenyeji wa kijiji hicho walitakiwa kuonyesha zilikotokea upande wa pili, na wakishindwa, deni lilikuwa lao. Neno la msoma nyayo lilitosha kuwafanya watu wazima walipe mifugo. Hapakuwa na mwingine wa kumsahihisha isipokuwa msoma nyayo mwenzake. Fikiria uzito wa ushahidi huo: mtu anasema ng'ombe saba, mmoja ana mimba, wamepita wakiswagwa na watu wawili, na mmoja wao amevaa katambuga. Na kijiji kizima kinaamini, kwa sababu hawajawahi kumkuta amekosea.

Nyika yenyewe imepitia mengi. Wakati wa Waingereza, Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika, aliweka Shinyanga makao ya utafiti wa mbung'o. Mapori yalifyekwa ili mdudu akose kivuli, na wanyama waliomlisha damu wakapigwa risasi. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaja, miti ikaendelea kuisha. Mwaka 1986 kwa majirani zetu wa Shinyanga ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na jambo la busara kuliko yote walilofanya ni kuwarudia wazee: wakaifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zikaota tena. Kanu wakarudi, mbweha wakarudi, kwale wakarudi. Wataalamu walipowasikiliza wazee, nchi ilipona. Ngitili ya ukoo wa mzee wetu ipo kwa sababu ukoo wao haukuwahi kuacha desturi hiyo, hata kabla mradi wowote haujaja.

Kamera ya mtego nayo si ngeni katika nchi hii. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka kaskazini mwa Tanzania ya leo mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa na kamera nzito na unga wa magnesiamu. Mnyama alipovuta uzi gizani, mwanga ulilipuka na picha ikapatikana. Kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1905 kilimpa sifa kubwa. Alitembea na msafara mkubwa wa wapagazi na waongozaji Waafrika, na sifa ikabaki kwake. Karne moja baadaye, mwaka 2005, kamera za Francesco Rovero, Mwitaliano, zilimnasa katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, sange mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa ikimjua, mwenye uzito wa gramu 700 hivi. Alitangazwa rasmi mwaka 2008. Kwa hiyo sikatai kwamba chombo hiki kinaweza kufanya makubwa.

Ila tazameni wenzetu wanavyowathamini wasomaji. Mwaka 2013 wasoma nyayo watatu wa Ju/'hoansi kutoka Namibia, Tsamkxao Ciqae, Ui Kxunta na Thui Thao, walialikwa Ufaransa na wanaakiolojia wa Ujerumani kusoma nyayo za watu wa kale zilizobaki kwenye mapango ya milima ya Pyrenees. Katika pango la Tuc d'Audoubert wasomi walikuwa wamesema kwa miaka mingi kwamba alama za visigino zile ni za ngoma ya ibada. Wasoma nyayo wale wakachuchumaa, wakanong'onezana, wakaeleza kwamba hapo palikuwa na mtu mzima na kijana waliokuwa kwenye kazi ya kuchimba na kubeba udongo. Ripoti yao ikaingia katika jarida la kitaaluma. Afrika Kusini, tangu miaka ya 1990, Louis Liebenberg na wenzake wamekuwa wakiwapima wasoma nyayo na kuwapa vyeti, hata asiyejua kusoma maandishi, ili ujuzi wake ulipwe. Sisi ndio wenye Laetoli. Ni katika ardhi yetu ya Ngorongoro timu ya Mary Leakey ilipokuta, mwaka 1978, nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita, na katika miaka ya 1990 zilifukiwa upya kwa uangalifu mkubwa zisiharibike. Tunajua kulinda nyayo. Wanaozisoma tumewaacha wajilinde wenyewe.

Tangu Mkoa wa Geita uzaliwe mwaka 2012 na Kharumwa kuwa makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, tumepata ofisi, barabara na soko, na hayo ni mema. Lakini udongo wa kusomeka umepungua. Njia za ng'ombe zimekuwa njia za bodaboda, na tairi hufuta kila kitu kilichopita usiku. Miti ya ngitili nyingi imekwenda kuwa matimba ya kushikilia kuta za maduara, na isiyonyooka imekuwa mkaa. Kalasha za kusaga mawe zinaunguruma mpaka usiku. Fisi, ambaye mzee anaweza kukueleza safari yake ya usiku kutoka jalalani mpaka machinjioni kwa miguu yake ya mbele iliyo mikubwa kuliko ya nyuma, anatiliwa sumu kwenye mzoga, na pamoja naye wanakufa tai na mbwa wa watu. Kanu akikutwa bandani mwa kuku anauawa kwa jina la paka tu. Mtu hawezi kumhurumia asiyemjua, na kwetu kutojua kumekuwa jambo la kawaida, kunakopita bila kuonewa aibu.

Hata hivyo siamini kwamba vijana wetu wamepofuka. Nimewakuta machimboni wakigeuza jiwe mkononi, wakitazama rangi ya kutu kwenye ufa wa mwamba, wakilinusa, wakiponda kipande na kukipembua kwa maji ndani ya karai mpaka ibaki chembe ya manjano. Wanajua mwamba unakolala, unakopinda, unakokatika. Huo ni usomaji wa nyayo kwa kila hali, tena wa hatari, kwa kuwa anayesoma vibaya hufukiwa. Jicho la babu zao limeingia chini ya ardhi pamoja nao. Laiti pangekuwapo mtu wa kulirudisha juu mara mojamoja, asubuhi, kabla ya chai, na kumlipa kijana kwa kazi hiyo hata nusu ya anachopata kwa kubeba kiroba cha mawe.

Kamera haipo tena porini hapa Kharumwa. Mwenye duara mmoja alisikia habari zake akaja na bei nzuri. Anataka ilinde mawe yake usiku, watu wasiyahamishe. Mpwa aliiuza, na simlaumu, ada ya mdogo wake ilikuwa inangojwa. Memori kadi alinipa mimi. Nimemwomba mzee tuipitie picha moja baada ya nyingine: yeye aeleze kila mnyama anaachaje alama, anapenda udongo gani, hupita wakati gani, mimi niandike, na pale asiporidhika na picha anachora kwa kijiti uani nami napiga picha mchoro wake. Kazi inakwenda polepole. Siku nyingine anachoka upesi, siku nyingine anataka kueleza mnyama mmoja tu, kwa kirefu, na wote waliomwona. Tumemaliza wale wanaoacha alama za kucha: mbweha, nguchiro, nyegere, muhanga, fisi. Wa jamii ya paka, ambao huficha kucha na ndio wagumu kuliko wote, bado hatujawagusa, na mvua zikianza mzee hushikwa na kifua asitoke nje.